Taa ya kukuzia miche chumbani inaathiri ngozi ya mtu?

Mche_Njiro
Wakuu, heshima kwenu. Baridi hii ya Arusha na mawingu yake yanafanya miche ya hoho na nyanya irefuke kama uzi, kwa hiyo trei ziko ndani, kwenye shelfu. Taa ni LED ya wati 100, nyeupe yenye wekundu kidogo, sentimita 40 juu ya miche. Taima inaiwasha saa kumi na mbili asubuhi na kuizima saa mbili usiku. Meza ya kazi iko mita moja na nusu kutoka hapo, chini ya dirisha. Anayeshinda pale ataungua au kutoka madoa? Apake losheni ya jua ndani ya nyumba? Na chumba hicho kinatumiwa pia na kijana mwenye ualbino. Naomba wanaojua, si wa "nilisikia".

FundiMwanga
Mkuu, usiangalie wati, angalia nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Kinachounguza ngozi ni UV (urujuanimno), yaani miale isiyoonekana iliyo chini ya nanomita 400: UVA ni 315 hadi 400, UVB ni 280 hadi 315. LED nyeupe ndani yake ni chipu (kijitaa kidogo) ya bluu, nanomita 450 hivi, iliyofunikwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa rangi nyingine. Chipu nyekundu ni 660. UV ya hapo ni kama haipo.

Na kwa ukali, jua la saa sita mchana ni luksi (kipimo cha mwangaza) 100,000 hivi. Pale mezani sidhani kama utafika 2,000. Kivuli cha mwembe kina mwanga kuliko hapo. Unaweza kupima kwa programu ya simu, ila kwa taa za zambarau itakudanganya, maana luksi inahesabiwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu haliioni vizuri bluu wala nyekundu nzito.

Sasa zima taa, igeuze, usome kibandiko. Ukikuta 365, 385 au 395, kuna chipu za UVA, zihesabu. Ukikuta 285, hiyo ni UVB, na haiwashwi mtu akiwa chumbani, hata kwa dakika tano. Kuna pia glopu zinazouzwa kwa jina la "UV" tu, za 254, hizo ni za kuua vijidudu. Mtu anazinunua akidhani ameleta jua ndani, kumbe ataunguza macho, ngozi na miche yenyewe.

Usipime UV kwa kamera ya simu. Ile chipu inayoonekana imekufa kwa macho lakini kwenye simu inang'aa kizambarau ni ya infraredi, mwanga usioonekana ulio upande wa pili wa nyekundu, si UV. Usimrudishie muuzaji taa nzima ukidhani chipu hiyo ni mbovu.

Glopu_Mbili
Hayo yote ni ya LED. Anayenunua taa za mtumba, zile glopu kubwa za metali halaidi au za zebaki, hesabu yake ni nyingine. Zina kioo ndani ya kioo, na kile cha nje ndicho kinachozuia UV. Kikipasuka, cha ndani kinaweza kuendelea kuwaka kama kawaida, hapo ndipo watu wanapoungua. Ubaya wake hausikii saa ileile. Ni baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, macho yanakuwa kama yamejaa mchanga na ngozi inawaka moto.

Kinachopasua mara nyingi ni bomba la kunyunyizia: tone la maji baridi kwenye kioo cha moto. Kwa hiyo zima, iache ipoe, ndipo unyunyize. Ukiona ufa, zima ukutani na utupe glopu. Si ya kuzungushia selotepu.

Dada_Ngozi_Moshi
Niongeze upande wa ngozi. Mwanga unaoonekana nao unaweza kuleta weusi, hasa bluu ya kuelekea zambarau, na ngozi nyeusi hushika weusi huo kuliko nyeupe. Lakini inataka dozi kubwa. Kwa umbali wa mita moja na nusu dozi hiyo haifikiwi; kuinamia trei uso ukiwa sentimita 30 kwa saa nyingi kila siku, kwa mtu ambaye tayari ana melasma (mabaka meusi ya usoni), hapo ningezima taa wakati wa kuhamisha miche. Losheni nyingi za jua hazizuii mwanga huo. Inayozuia ni ile yenye rangi, yenye oksidi ya chuma.

Kijana mwenye ualbino: ngozi yake haina kesi na LED hiyo. Macho ndiyo yatasumbuliwa na mng'ao, basi taa ifungiwe ubao au kadibodi ngumu upande wa meza, isiguse mwili wa taa. Losheni aipake kwa sababu ya dirisha. Kioo cha kawaida kinazuia UVB ila UVA nyingi inapita, na Arusha tuko karibu na ikweta, mita 1,400 juu. Kuna losheni ya jua iitwayo Kilisun, ya Moshi, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), au anayemeza antibayotiki ya doksisaiklini au vidonge vya presha vyenye haidroklorothiazaidi, asikae karibu na taa yoyote yenye chipu za UV. Na madoa yakitokea, kabla ya kuilaumu taa, kagua kama kuna mkorogo kabatini.

Mche_Njiro
Asanteni sana. Kibandiko kinasema 450, 660, 730, na 385 chipu nne. Kuna swichi tatu pembeni.

FundiMwanga
Chipu nne kwa umbali huo si tatizo, ila miche ya hoho haizihitaji. Washa swichi mojamoja chumba kikiwa giza. Ile inayowasha chipu chache zenye zambarau hafifu ndiyo ya 385. Usizikazie macho. Iache imezimwa, na meza isogeze kutoka dirishani.