Ada ya michezo katika vyuo vikuu vya Marekani: kwa nini fedha zetu huingia uwanjani tu na hazitoki?

Ndugu wanajukwaa, hasa wazazi wenzangu mnaoishi Marekani na nyinyi mlioko nyumbani mnaojinyima ili kutuma ada huku,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi hasira hiyo isinitoe kwenye hoja. Binti yangu anasoma katika chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja. Katika ankara yake, chini ya ada ya masomo, upo mstari ulioandikwa kwamba ni ada za lazima, na nilipoufuatilia kwa kufungua waraka baada ya waraka niligundua kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya fedha hizo hupelekwa idara ya michezo ya ushindani. Sizungumzii ukumbi wa mazoezi ambao kila mwanafunzi anaruhusiwa kuutumia, kwani huo una ada yake peke yake. Nazungumzia mishahara ya makocha, ndege za timu na hoteli za wachezaji. Mwaka huohuo chuo kilipunguza saa za kituo kinachowasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika hisabati, kwa maelezo kwamba fedha hazitoshi. Niliandika kuuliza kama kiasi kidogo cha ada ile kisingeweza kuelekezwa kwenye kituo hicho, nikajibiwa kwa adabu kwamba kila fungu lina matumizi yake yaliyokwisha kupangwa, na kwamba kulihamisha haiwezekani.

Jibu hilo ndilo ninalolilalamikia, kwa sababu ni kweli nusu, na nusu ya pili hufichwa.

Nianze na nusu ambayo ni kweli, maana sipendi kubishana na watu kwa kuwazulia. Fedha za michezo katika vyuo vya Marekani hazitoki mahali pamoja. Vyuo vilivyo katika makundi makubwa ya mashindano kama Big Ten na SEC hupata fedha nyingi kutokana na haki za matangazo ya televisheni, tiketi na wadhamini. Zipo fedha za wafadhili, ambazo mara nyingi hukusanywa na taasisi iliyosajiliwa kando ya chuo, na mtu akitoa mchango wake kwa ajili ya uwanja, sheria inakitaka chuo kiheshimu sharti hilo; rais wa chuo hawezi kuamka asubuhi akautumia mchango huo kununua darubini za maabara. Yapo pia madeni ya hati fungani zilizojenga viwanja, ambayo mapato fulani yamewekwa rehani kuyalipa. Isitoshe, chuo kinachotaka kubaki katika ngazi ya juu kabisa ya futiboli ya Kimarekani ni lazima kiwe na michezo isiyopungua 16, na sheria ya Title IX ya mwaka 1972 inazuia kuwapunja wanawake wakati wa kubana matumizi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba dawa ni kufuta futiboli na kupeleka fedha maktaba. Chuo cha Alabama kilichopo Birmingham kilijaribu kuifuta Desemba 2014 kwa sababu ya gharama. Kabla ya katikati ya mwaka 2015 uamuzi ulikuwa umegeuzwa, baada ya mashabiki na wafanyabiashara wa mji kuahidi mamilioni ya dola, na mwaka 2017 timu ikarudi uwanjani. Mamilioni yale yalikuja kwa ajili ya mpira, na kama mpira usingerudi yasingekuja kabisa. Chuo cha Chicago, ambacho kiliachana na futiboli yake mwishoni mwa mwaka 1939 chini ya Robert Maynard Hutchins, kilikuwa cha binafsi, chenye rais asiyejali kelele, na katika zama ambazo televisheni ilikuwa haijaanza kulipa chochote. Leo ni vigumu kumpata rais wa chuo cha umma anayeweza kuthubutu hivyo na bado akabaki na kazi yake.

Sasa tuje kwenye nusu inayofichwa. Kuta hizo zinazotenganisha mafungu zina mlango, na mlango huo hufunguka upande mmoja tu. Fedha za michezo zikitakiwa darasani, tunasomewa kanuni. Idara ya michezo ikipata nakisi, kanuni hulegezwa na fedha za upande wa pili hupita.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Florida. Akiba zinazotokana na huduma za ziada za chuo, yaani mabweni, maegesho ya magari, maduka ya vitabu na chakula, kwa kawaida hulindwa ili zirudi kwenye huduma hizohizo. Juni 2025 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo iliruhusu kila chuo kuchukua hadi dola milioni 22.5 kwa mwaka kutoka kwenye akiba hizo na kuzipeleka kwenye michezo, kwa muda wa miaka mitatu. Mwanafunzi anayelipia kitanda bwenini na nafasi ya kuegesha gari anaweza kujikuta anachangia malipo ya wachezaji. Kwa hiyo inawezekana kuhamisha fungu! Nani alijua?

Nendeni California. Chuo cha Berkeley kiliukarabati uwanja wake wa futiboli, uliojengwa juu ya ufa wa tetemeko la ardhi, na kujenga kituo cha wanamichezo kando yake, wakabaki na deni la zaidi ya dola milioni 400. Mpango ulikuwa kwamba mashabiki matajiri wangenunua haki za viti za muda mrefu na deni lingejilipa lenyewe. Viti havikununuliwa kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2018 uongozi ukaamua kwamba chuo chenyewe kibebe sehemu ya deni hilo badala ya idara ya michezo. Rutgers, chuo cha umma cha New Jersey, nao, licha ya kuingia Big Ten mwaka 2014 kwa ahadi ya utajiri, walifika mahali wakawa na nakisi ya michezo ya zaidi ya dola milioni 70 kwa mwaka mmoja wa fedha, ikizibwa kwa ada za wanafunzi, fedha za chuo na mikopo. Wenye chuo wanaita hali hiyo uwekezaji. Mimi ninayelipa sijawahi kuoneshwa tarehe ambayo uwekezaji huo utazaa.

Kwa sisi Watanzania upo mfano wa karibu zaidi. Wengi mnakumbuka msimu wa 2008 hadi 2009, Hasheem Thabeet alipokuwa akiichezea Connecticut na sisi tukihesabu mipira anayozuia. Februari 2009, katikati ya msimu huohuo na wakati jimbo likiwa na upungufu mkubwa wa bajeti, kocha Jim Calhoun aliulizwa mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, akajibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti kumi, kwa kuwa timu yake inaiingizia chuo dola milioni 12. Tulicheka, na wengine tulimshangilia. Lakini mapato ya timu moja ya kikapu huliwa na idara nzima kabla hayajaikaribia maktaba, na miaka kumi baadaye idara ya michezo ya chuo hichohicho ilikuwa na pengo la zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka, ambalo chuo na wanafunzi ndio walioliziba.

Wala hilo si jambo la vyuo vichache vilivyoharibikiwa. Kwa takwimu za mwaka 2019 za NCAA yenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kati ya vyuo vipatavyo 1,100, ni 25 tu ambavyo michezo yake iliingiza zaidi ya ilivyotumia. Vilivyobaki vinahitaji fedha za mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi ni mwanafunzi ambaye huenda hajawahi hata kukanyaga uwanjani.

Tangu Julai 2025 shinikizo limeongezeka. Makubaliano ya kesi iitwayo House, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni mwaka huo, yanaruhusu chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, mbali na fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa waliocheza zamani. Sina kinyongo na wachezaji, kwani waliwatajirisha wengine kwa miaka mingi bila kulipwa. Hasira yangu ni kwamba viongozi walioweza kuahidi zaidi ya dola milioni 75 za kumwondoa kocha mmoja, kama Texas A&M walivyofanya kwa kocha wao wa futiboli aitwaye Jimbo Fisher Novemba 2023, sasa wanatafuta fedha za wachezaji kwenye ankara za wanafunzi. Clemson imeanzisha ada ya michezo ya dola 150 kwa muhula. Bodi ya Virginia Tech imepitisha mpango wa kuiongezea michezo dola milioni 229 kwa miaka minne, na ada za wanafunzi zimo katika hesabu hiyo. Watetezi wa Texas A&M watasema kwamba malipo ya Fisher hayakutoka kwenye ada. Sawa, lakini linganisheni na West Virginia, ambako Septemba 2023 bodi ilifuta programu 28 za masomo na nafasi 143 za wahadhiri, lugha za kigeni zikiumia vibaya. Pale hakuna aliyekimbia huku na huko kutafuta mlango wa kupitishia fedha.

Na msidhani kwamba watoto wetu watanufaika kwa upande wa uwanjani. Njia iliyowaleta Waafrika Mashariki wengi huku ni riadha: Suleiman Nyambui alitokea chuo cha Texas kilichopo El Paso, Henry Rono alitokea Washington State na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia akiwa bado mwanafunzi. Riadha na mbio za nyika haziuzi tiketi, hivyo ndizo zinazoangaliwa kwanza fedha zikibanwa. Vyuo vilivyojiunga na makubaliano yale sasa vina kikomo cha wakimbiaji 17 katika timu ya mbio za nyika. Aidha, mwanafunzi mwenye visa ya F-1 hubanwa na masharti ya ajira, hivyo hata akiwa nyota mgao wa wachezaji unaweza kumpita hivihivi.

Sidai miujiza. Virginia walipitisha sheria mwaka 2015 inayoweka kikomo cha sehemu ya bajeti ya michezo inayoweza kutoka kwa wanafunzi na chuo: asilimia 20 kwa vyuo vya makundi makubwa na asilimia 55 kwa vingine vya ngazi ya juu ya futiboli. Ni kikomo cha ukarimu kupita kiasi, lakini kipo kwenye maandishi na mzazi anaweza kukisoma. Ninachokitaka katika chuo cha binti yangu ni ada ya michezo iwe na mstari wake kwenye ankara, mwanafunzi aione kabla ya kujisajili, wanafunzi waipigie kura kila inapopandishwa, na fedha yoyote inayokopwa kutoka mabwenini au kwenye masomo iandikiwe tarehe ya kurudishwa.

Nimeandika barua ya pili, safari hii kwa bodi ya chuo, na sijajibiwa. Wenye watoto katika vyuo vya umma vya majimbo mengine, naomba mtuwekee hapa ada ya michezo ni kiasi gani kwa muhula, na kama mliwahi kuomba mchanganuo wake mlipewa au mlizungushwa. Mwanasheria yeyote humu anayefahamu jinsi ya kudai nyaraka za bajeti kwa sheria za uwazi za jimbo, tafadhali aeleze utaratibu na gharama zake.