Fantaisie-Impromptu: mikono inagongana, nisaidieni

Klavye_Himbi (Goma)
Wakubwa, jambo. Kwa watunzi wa piano, kwangu Chopin ni wa kwanza, Debussy anafuata, Liszt kwa mbali. Kwenye Fantaisie-Impromptu ya Chopin, mkono wa kuume unapiga noti nne wakati wa kushoto unapiga tatu; kila mkono peke yake unaenda vizuri, metronomu (kipima mapigo) 60. Nikiiunganisha, wa kushoto unasahau tatu zake na kuufuata wa kuume. Klavye ni ya vibonye 61, vyepesi. Nikazane, au nihamie La Campanella ya Liszt?

Yaya_Nguba (Bukavu)
Mdogo wangu, Campanella iache ilale. Ile ina miruko mirefu ya mkono wa kuume, na vibonye vyepesi vitakudanganya.

Pigo moja (noti ya robo) ligawe vipande 12. Kuume inaangukia 1, 4, 7, 10. Kushoto 1, 5, 9. Kwa sikio: pamoja, kuume, kushoto, kuume, kushoto, kuume. Nafasi hazilingani: ndefu, fupi, wastani, wastani, fupi, ndefu. Anayezilinganisha ndiye anayepoteza tatu. Piga mezani kwa viganja hadi usikie mdundo mmoja. Hata umeme ukikatika, meza ipo.

Mtego uko kipimo cha 5. Kuume inaanza na kimya, kwa hiyo ile "pamoja" ya kwanza haipo: kushoto inapiga do diezi (C#) peke yake, ndipo sol diezi (G#) ya kuume inaingia. Ukikiruka kimya hicho, mstari wote unasogea noti moja na mikono haikutani tena.

Hesabu ya 12 ni ya polepole tu. Mwendo kamili, noti za nusu 84 kwa dakika (noti ya nusu ni robo mbili), hakuna anayehesabu hivyo. Shika sehemu nne ambapo mikono inakutana katika kila kipimo. Hiyo 60 yako ni ya robo au ya nusu?

Besi_Kenya (Lubumbashi)
Naongeza kuhusu kushoto. Kutoka do diezi ya chini hadi mi ni umbali wa noti kumi. Usitanue kiganja, kifundo kiusindikize mkono, kidole cha 5 (kidogo) kiachie besi mara tu pedali imeikamata. Pedali ibadilike besi inapobadilika, la sivyo ni matope. Na kushoto ipige kwa sauti ya chini: ikipaza, kuume itakimbia.

Yaya_Nguba
Kweli kabisa. Dawa nyingine ni ya Chopin mwenyewe: ya kwanza kati ya Trois nouvelles études, fa mineri, ya 1839. Pale mambo yamegeuzwa, kuume 3 na kushoto 4, tena Andantino, mwendo wa taratibu. Kama bado ni nzito, anza na Arabesque ya kwanza ya Debussy, noti 3 za mkono mmoja kwa 2 za mwingine.

Besi_Kenya
Angalia pia toleo. La Fontana, rafiki wa Chopin, la 1855 na lile la mpiga piano Rubinstein la 1962 hayafanani kila mahali, hata kushoto. Usichanganye kurasa.

Klavye_Himbi
Aksanti sana. Ni 60 ya robo. Na kile kimya cha kipimo cha 5, kumbe nilikuwa nakiruka.