Kadi ya bima imeandikwa Desemba, kazi naacha tarehe 14. Naweza kuendelea kuitumia?

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Nimejiuzulu, siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 14 mwezi huu. Kadi za bima ya afya, yangu na za watoto, zimeandikwa mwisho Desemba 31. Mdogo ana miaka minne, ana pumu, na amepangiwa upasuaji wa mafindofindo tarehe 3 mwezi ujao. Hospitali wameshapata kibali cha bima. Mwenzangu ananiambia nitumie tu, kadi si bado hai? Afisa utumishi nikimuuliza anasema "tutaona". Usiku mtoto anakoroma hadi pumzi inakatika, nami nakaa macho namhesabia. Kazi mpya naanza baada ya miezi miwili. Nishaurini.

Dawati la Madai
Pole sana dada. Nimeshughulikia madai ya bima miaka tisa, na hili limewaumiza wengi. Tarehe iliyo kwenye kadi ni ya mkataba wa mwajiri na kampuni ya bima. Wewe umo kwa sababu jina lako limo kwenye orodha ya mwajiri. Likitolewa, watoto wanatoka nawe. Mikataba mingine hukata siku ya mwisho ya kazi, mingine hukuacha hadi mwisho wa mwezi. Kwa vyovyote kati ya hivyo, tarehe 3 iko nje.

Na kibali si malipo. Kinachotazamwa ni kama mtoto alikuwa mwanachama siku aliyohudumiwa. Nimeona kadi ikipita mapokezi vizuri kabisa kwa sababu orodha ilikuwa haijasahihishwa, halafu wiki sita baadaye bili nzima inamrudia mzazi. Usiitumie. Kesho asubuhi mpigie daktari, uliza kama upasuaji unaweza kufanyika kabla ya tarehe 14.

Msafiri77
Mimi nilikuwa na siku za likizo zilizobaki. Badala ya kulipwa, niliomba nizimalizie ndani ya ajira, tarehe ya kuondoka ikasogea mbele na bima ikabaki. Uliza. Na kama baba watoto ana bima kazini kwake, awaandikishe mapema. Bima binafsi za kununua mwenyewe nyingi zina kipindi cha kusubiri, na ugonjwa uliokuwepo kama pumu ndio wanaouangalia kwanza.

Ughaibuni
Ukisoma mtandaoni kuhusu COBRA, ile ni sheria ya Marekani ya mwaka 1986. Huko, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, unaweza kubaki kwenye bima ileile kwa kawaida hadi miezi 18, ila ada yote unabeba mwenyewe, pamoja na sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, hadi asilimia 102 ya ada hiyo. Kwingine, uliza kampuni ya bima kama mkataba unaruhusu kuhamia bima binafsi, na uliza kabla jina halijatoka.

Mama Wawili
Asanteni mno. Daktari amenipa tarehe 11, mradi kifua kiwe safi. Afisa utumishi nimemwandikia barua pepe anitajie kwa maandishi siku jina linapotoka. Ila kidonda kinaangaliwa tarehe 18. Hiyo nalipa mwenyewe?

Dawati la Madai
Kama bima inakatwa tarehe 14, ndiyo, hiyo ni huduma ya siku nyingine. Lakini uliza hospitali kwanza: mara nyingine miadi ya kwanza baada ya upasuaji imo kwenye gharama ya upasuaji wenyewe. Na inhela ya mtoto ichukue kabla ya tarehe 14.