MJADALA: Mwekezaji akijenga soko letu Mtwara, miezi ya baada ya korosho anaibeba nani?

Wakuu habari za saa hizi, wana Mtwara na Lindi hasa. Naleta hili maana siku hizi ukikaa na watu wa halmashauri dakika mbili tu neno ubia limeshatajwa, yaani PPP, manispaa haina hela ya kujenga masoko na kupanga ufukwe wa Shangani kwahiyo aitwe mwekezaji ajenge kwa hela yake, aendeshe miaka 20 au 30 akusanye chake, halafu akabidhi. Sheria yake ipo tangu 2010, na 2023 ilirekebishwa mpaka kikaundwa kituo cha kitaifa cha ubia. Kwahiyo tusidhani ni mambo ya Dar tu, yatatufikia.

Mimi sipingi, na nalisema mapema kabla hamjanirukia. Manispaa kweli haina hela. Ushuru wa korosho unabaki kule zinakolimwa, Tandahimba na Newala huko, kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, sisi mjini tunabaki na leseni, ushuru wa huduma na vijiushuru vya sokoni. Lami nyingi za mitaani mnazoziona zilikuja na TSCP, ule mradi wa miji ya kimkakati, mkopo wa Benki ya Dunia, sio makusanyo yetu.

Swali langu ni moja tu, hasara ikija anabeba nani? Maana hela ya Mtwara ina msimu jamani. Minada ya korosho ikianza Oktoba mji unachangamka, watu wananunua bodaboda, mabati, wanaoa, watoto wanachezwa unyago, hata ukiuza ndoo zilizopasuka utapata mteja. Ngoja sasa ifike Machi, Aprili, mvua inapiga, hela imeisha, unafungua fremu asubuhi mpaka magharibi umeuza vocha. Mwekezaji naye amekopa benki na benki haijui msimu, inataka rejesho lake kila mwezi. Atapanga kodi kwa hesabu za Kariakoo, wapangaji wakishindwa atageuka kwa manispaa kudai fidia kwamba mapato hayajafika kiwango kilichoandikwa, na kifungu hicho cha fidia ndio diwani wako anakisikia kwa mara ya kwanza siku ya kesi.

Mfano wa karibu ni Machinga Complex pale Dar. Ule haukuwa ubia na mtu binafsi, ulikuwa mkopo wa NSSF kwa Jiji, ila ugonjwa ni ule ule: jengo zuri, wafanyabiashara wakaona wateja hawapandi ghorofani wakarudi zao barabarani, kodi haikuja na riba ikakua. City Water nayo mnaikumbuka? Kampuni binafsi iliyopewa mkataba wa miaka 10 wa maji ya Dar, walianza 2003, makusanyo hayakufika walipotegemea, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, kesi zikaenda nje mpaka 2008. Mahakama moja ya usuluhishi ikasema Tanzania imekiuka ila hailipi fidia. Tulipona lakini miaka mitano imepita na bomba liko vile vile.

Sasa rudi nyumbani. 2013 hapa kila mtu alikuwa na hesabu za gesi. Viwanja vilipanda, gesti zikajengwa, watu wakasema Mtwara itakuwa Dubai. Fikiria manispaa ingesaini mwaka ule mkataba wa miaka 30 na kuahidi idadi ya wapangaji kwa hesabu za gesi! Leo tungekuwa tunalipa watu ambao hawakuja. Wenzetu wa Lindi na ile LNG ya Likong'o, kiwanda cha kusindika gesi kilichosubiriwa miaka, nadhani hili hawahitaji kuelezwa.

Na msifikiri huko Ulaya wanajua zaidi. Sheffield, Uingereza, halmashauri ilisaini 2012 na kampuni ya Amey miaka 25, barabara, taa na miti ya barabarani humo humo. Wananchi wakaona miti mizima inakatwa, wakasimama chini ya miti, wengine wakakamatwa. 2018 ndio ikajulikana mkataba ulikuwa na namba ndani yake, miti 17,500. Miaka sita baada ya kusaini! Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2023 ikaibebesha halmashauri lawama nzito. Kampuni ilikuwa inafanya kilichoandikwa, tatizo wenye mji hawakuwahi kusoma.

Kwahiyo mimi nataka rasimu ibandikwe kwa Kiswahili kabla ya baraza la madiwani kupitisha, hasa kurasa za kodi, fidia na nani anahamishwa aende wapi. Na kodi ifuate msimu, Oktoba mpaka Januari iwe juu, miezi ya mvua ishuke. Mwekezaji akikataa hilo basi hajaujua mji.

*

Nimerudi, naona mmechangamka. Nijibu machache.

Mkuu uliyesema soko likiwa mikononi mwa halmashauri ndio uchafu na fremu za kujuana, una hoja na nakubali. Wote tunajua mchezo, mtu ana fremu nne za halmashauri kwa kodi ya bure, hauzi hata pipi, anampangisha mwingine mara tatu yake na kilemba juu, yaani hela ya kuachiwa fremu. Hapo mwekezaji anaweza kuwa bora kweli maana yeye hela yake inamuuma. Ila angalia, dalali yule yule ndiye atakuwa wa kwanza kuchukua fremu kwa mwekezaji, ana hela ya miezi sita mkononi, mama wa samaki hana. Lazima mkataba useme nani anapewa kwanza, sivyo tumebadilisha ukuta tu.

Dada uliyetaja Boma la Mikindani, asante sana, nilitaka niliweke nikasahau. Jengo la Wajerumani la 1895, lilikuwa gofu, shirika la hisani la Uingereza Trade Aid wakalikarabati likawa hoteli na vijana wakafundishwa kazi humo. Hapo hakuna aliyehamishwa, wala hakuna aliyelazimika kununua kwao, wageni wasipokuja hasara ilikuwa yao. Soko sio hivyo, mama akishatolewa meza yake hana pa kwenda. Ndio maana mimi ningeanza na magofu ya Mikindani na ufukwe, masoko tuyaache mwisho.

Na wewe kaka unayesema "mnaogopa maendeleo", sijui nikujibu nini, soma tena pale juu.

Kitu ninachoomba kwa sasa ni namba. Mwenye fremu sokoni au stendi, hapa Mtwara au Lindi mjini, tuwekee kodi unalipa kwa mwezi, miezi mitatu au mwaka, na mwezi wa nne mauzo yanashuka kiasi gani ukilinganisha na wa kumi na moja. Jina la mtu lisitajwe, hesabu tu.