Siku ya Shaaban Robert na watoto hapa Tanga: Machui na Tongoni, Amboni, au Pangani?

MamaTatu
Assalaam aleikum wanajukwaa. Watu wazima wawili, watoto watatu: Darasa la 1, la 4 na la 6. Wakubwa wawili wanasoma *Adili na Nduguze*, na tunataka Jumamosi moja iwe ya Shaaban Robert. Ninapima njia tatu:

A. Kusini: Machui, kisha magofu ya Tongoni.
B. Kaskazini: mapango ya Amboni, kwa sababu ya ule mji wa watu waliogeuka mawe katika kitabu hicho.
C. Pangani: mto, mji wa kale na forodha.

Tunaanzia Ngamiani, gari la kukodi. Ipi inawafaa watoto wa umri huu, na ianze na nini?

Mwl_Chumbageni
Waaleikum salaam dada. Chagua A. Ndiyo inayomhusu zaidi mwenyewe: alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Machui, kilomita kama 10 kusini mwa mji, na kaburi lake liko hukohuko Machui. Alifariki 1962.

Ila mtoto akifikishwa kaburini bila neno lolote la marehemu kichwani, ataona kaburi tu, na baada ya dakika tano ataanza kuuliza maji. Kwa hiyo Ijumaa usiku someni kwa sauti *Utenzi wa Hati*, aliomtungia binti yake Mwanjaa. Ubeti una mistari minne mifupi ya mizani nane, hata wa Darasa la 4 anaumudu. Mpeni kila mtoto ubeti wake kwa zamu. Beti kumi na mbili zinatosha; mkizidisha, mdogo atalala. Huyo wa Darasa la 1 apewe kipande cha mwisho tu cha kila ubeti, kwa kuwa ndicho chenye kina cha kituo, kinachojirudia kila ubeti, na sikio lake litakishika upesi.

Siku yenyewe:

Msiende moja kwa moja makaburini. Pitieni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wazee msikitini, mtoe salamu, mseme mmekuja na watoto kumzuru Shaaban Robert. Mtapewa mtu wa kuwapeleka. Wanaoruka hatua hii huishia kuzunguka katikati ya nyumba za watu, na kutoka hapo hata wakipokelewa, wanapokelewa kwa shaka.

Mavazi ya stara kwa wote, mama na binti wawe na mtandio. Watoto waelezwe kabla ya kushuka garini: hatukanyagi kaburi, hatulikalii, hatuegemei. Picha mpaka muombe ruhusa. Na mkisoma beti mbili pale, someni baada ya dua.

Muda wa Machui ni saa moja, usiuvute zaidi.

Kusi_na_Kaskazi
Naunga mkono A, naongeza ya Tongoni. Mkishamaliza Machui mnaendelea na barabara hiyohiyo ya Pangani. Tongoni ni gofu la msikiti na makaburi takriban 40, ya karne ya 14 na 15, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine ni makaburi ya mnara, yaani yenye nguzo ya mawe. Nguzo nyingi zimeanguka, na hapo ndipo penye hatari: mtoto akiona nguzo imelala anataka kuipanda. Chokaa ya kale imeshalika na umande wa bahari, jiwe linang'oka kwa uzito mdogo. Wekeni sharti: mikono nyuma ukikaribia ukuta.

Kazi ya kuwapa: watafute vishimo vya mviringo kwenye nguzo. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Wa Darasa la 6 achore kaburi moja kwa penseli. Kuchora humfanya atulie na kuangalia, na kuta hazipati madhara.

Hakuna paa, kwa hiyo mfike kabla ya saa 4 asubuhi. Kofia, na maji lita moja kwa kila mtoto. Viatu vya kufunika vidole, maana baada ya masika majani huwa marefu na huwezi kuona kilichomo.

Kama mnataka kuoga baharini baadaye, tazameni mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka kabisa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi na hujaa alasiri kuanzia saa 10. Maji mafu, siku za mwezi nusu, ni kinyume chake: yamejaa kabla ya adhuhuri. Watu wengi hupeleka watoto Raskazone saa 5 siku ya bamvua, wakakuta matope na mawe, wakasema ufuko mbaya. Shida ni saa waliyokwenda.

Tochi_Tatu
Mimi nasimama na B, na sababu ni kitabu chenyewe. Watoto wanasoma *Adili*, wala hawajasoma wasifu wa mtunzi. Adili anaingia mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Mtoto akisimama ndani ya Amboni, akaona jiwe limeteremka kutoka darini kama nguo iliyoanikwa, ukurasa ule hatausahau.

Mapango yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara ya Mombasa, upande wa Kiomoni. Mawe ni ya chokaa. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, yanayeyusha chokaa, kisha yakidondoka pangoni huiacha tena tone kwa tone. Ndiyo maana watoto wasishike mawe yanayoning'inia: mafuta ya mikono hubaki juu yake na chokaa mpya haishiki vizuri.

La lazima ni tochi kwa kila mtu. Taa ya simu haitoshi, kwa kuwa aliyeishika anamulika miguu yake na mtoto wa nyuma anabaki gizani. Ya kichwani ni bora, mikono inabaki huru pale pa kuinama. Raba zenye meno, si ndala; sakafu ina utelezi hata kiangazi. Mtu mzima mmoja awe mbele baada ya kiongozi, mwingine wa mwisho kabisa. Popo wapo na harufu yao ipo, waambieni watoto mapema ili wasishtuke wakapiga kelele. Mtaona pia mahali pa mzimu penye sadaka za watu. Havishikwi, wala havichekwi.

Kwa kiingilio beba kitambulisho, Mtanzania ana bei yake. Malipo ni kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), hivyo simu iwe na chaji na salio kabla hamjatoka mjini.

Mwl_Chumbageni
Ndugu yangu Tochi, nakubali pango linafundisha. Ila watoto wasiambiwe kwamba Shaaban Robert aliandika habari za Amboni. Hadithi ile imewekwa Ughaibu na Janibu, nchi za kubuni. Sema: "Tumekuja kuona jiwe linavyoweza kufanana na mtu." Hiyo ni kweli na inatosha. Vivyo hivyo kwa majengo ya mjini. Alifanya kazi Tanga, ofisi ya wilaya kuanzia 1946, kisha ofisi ya upimaji 1952 hadi 1960, lakini usimwonyeshe mtoto dirisha ukasema alikaa hapa kama huna uhakika. Mtoto hukumbuka uongo wa mzazi muda mrefu.

Jambo jingine: kabla ya kumsomea wa Darasa la 1, ujue kwamba Adili huwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili, nao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa. Kwa mtoto wa miaka 6 au 7 hadithi isimuliwe kwa mdomo, muanze na wivu wa ndugu na safari ya baharini.

Bweni_Ng'ambo
C iacheni kwa siku nyingine. Ni karibu kilomita 50 kwenda tu, na kwa mtoto mdogo safari inakula nusu ya siku. Uhusiano wake na mtunzi ni wa kuelezea kazi: alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na Pangani ukisimama mbele ya jengo la forodha mtoni ni rahisi kumwonyesha mtoto forodha ni nini na mzigo unashushwa wapi. Inamfaa wa Darasa la 6. Huyo mdogo atafurahia tu pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto.

MamaTatu
Shukrani sana, mwalimu na wote. Je, Machui na Amboni siku moja inawezekana, tukiiacha Tongoni? Wakubwa wameshasikia habari za pango.

Kusi_na_Kaskazi
Inawezekana, kwa mpangilio mmoja tu: Machui asubuhi, Amboni baadaye. Ukigeuza, watoto watafika makaburini na matope ya pango na uchafu wa popo kwenye nguo.

Tokeni Ngamiani saa 2 asubuhi, Machui mmalize saa 4, mrudi mjini mle chakula cha mchana mapema na mdogo apumzike hadi saa 7. Amboni saa 8 mchana, wakati jua la nje ni kali na ndani pana kivuli. Saa 10 muwe mmetoka. Nguo za pango ziwe kwenye mfuko wake, na mfuko mwingine mtupu wa kurudishia chafu, la sivyo mitandio ya asubuhi itachafuka humohumo.

Usichukue bajaji kwa siku hii. Inabeba abiria watatu, ninyi ni watano, na kukaa njia panda na watoto mkingoja gari la Pangani ambalo huenda likapita limejaa ni adhabu. Kodi Noah kwa siku nzima, na patana na dereva kabla kwamba atasubiri katika vituo vyote viwili. Wengi hupatana bei ya kwenda tu, ubishi unaanzia Machui.

Tochi_Tatu
Na kama mvua kubwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, geuzeni Amboni iwe Tongoni. Mteremko wa pangoni ukilowa, wa Darasa la 1 itabidi abebwe, na aliyembeba hana mkono wa kushikia ukuta.