Mrejesho: mlango wa slaidi uliokuwa unakwaruza

Wakuu, nilileta hapa shida ya mlango wa pembeni wa gari langu la kambi: mzito, unasaga kama una mchanga ndani, na ukiufungua usiku unaamsha kila aliyelala. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kusafisha kabla ya kupaka chochote. Reli zote tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, zilikuwa na grisi ya zamani iliyogandamana na vumbi. Ya chini ilizidi, maana kila kiatu kinapita juu yake. Mswaki mkuukuu, kitambaa na dawa ya kuondoa grisi, nikasugua mpaka chuma kikaonekana. Mlango ukawa mwepesi palepale.

Mkwaruzo ukabaki, ingawa umepungua. Uliyesema niangalie rola ya katikati, yaani kigurudumu kinachotembea kwenye reli hiyo, ubarikiwe sana! Niliifungua nikaizungusha kwa kidole: beringi inakwamakwama. Hiyo haina kusafisha, nimebadilisha rola nzima. Kabla ya kulegeza bolti nilichora alama mahali zilipokaa, kwa hiyo mlango umerudi usawa uleule. Relini nimepuliza silikoni kavu ya kulainisha, kwa sababu grisi inanasa mchanga upya.

Sasa hausagi kabisa. Kilichogoma ni mwisho wa kufunga, bado unagonga kwa kishindo. Kupaka silikoni kwenye raba za ukingoni hakukusaidia. Nadhani komeo la nyuma limehama kidogo; aliyewahi kulirekebisha aniambie alianzia wapi.