Naombeni ushauri: nistaafu kwa hiari na 55 au nivute mpaka 60?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nafundisha hisabati, niliajiriwa Novemba 1996 na Novemba hii natimiza miaka 55. Kwa hiari naruhusiwa kuondoka sasa, kwa lazima ni 60. Nimechoka jamani, sio uvivu. Darasa langu lina watoto 112, sauti imekwisha, nikisimama vipindi vinne mfululizo usiku magoti hayanipi usingizi. Nina ndoto ya kulima zabibu kule Hombolo. Wastani wa mshahara wangu kwa miaka mitatu iliyo bora ni kama 1,500,000. Niondoke au nivumilie? Naombeni ushauri wa kweli, mwenzenu silali.

Mzee wa Nkuhungu
Pole sana mwalimu. Mimi nilistaafu 2017 enzi za PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati ule, na mkupuo, yaani hela unayolipwa mara moja ukistaafu, ulikuwa nusu ya pensheni yote. Nilishika hela ambayo sijawahi kuishika maishani nikanunua Noah mbili za kwenda Kibaigwa. Moja dereva aligonga nayo punda pale Mbande, ya pili ikafa injini, mwaka wa pili nilikuwa sina Noah wala hela. Nakuambia ukweli, kinachoninunulia unga leo ni ile pensheni ya mwezi niliyokuwa naidharau. Ukipata mkupuo iache ilale miezi sita, kwanza jifunze kuamka asubuhi ukiwa huna pa kwenda, maana hilo nalo ni kazi.

Binti Mpwapwa
Shikamoo mwalimu. Mimi naomba niseme tofauti. Hao watoto 112 ukiondoka wanabaki na nani? Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikaa mpaka 60 kamili, siku ya kumuaga tulikuja watu wazima na watoto wetu mgongoni, tulilia. Ualimu ni wito, Mungu ndiye anayelipa.

Kijana wa Ilazo
Dada wito haulipi ada. Mwalimu achana na zabibu, jenga vyumba Nzuguni au Ihumwa. Tangu serikali ihamie huku watumishi wa Mtumba wanatafuta vyumba kila siku, chumba na sebule hakikai wiki hakijapata mpangaji.

Mhasibu Mkavu
Tuweke hesabu mezani maana hakuna aliyejibu swali. Kuanzia Novemba 1996 mpaka Novemba 2025 ni miezi 348. Kikokotoo cha sasa, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, ni 1/580 kwa kila mwezi uliofanya kazi, kwa hiyo 348 gawa kwa 580 unapata 0.6. Mshahara wako wa mwaka ni milioni 18, zidisha kwa 0.6 ni milioni 10.8, hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo ni 10.8 mara 12.5 (namba iliyowekwa kwenye kanuni hiyo) mara asilimia 40 (ilikuwa 33 kuanzia Julai 2022, bajeti ya 2024 ikapandisha kwa kundi lenu mliokuwa mnapata 50), jibu ni milioni 54. Asilimia 60 inayobaki ya ile 10.8, gawa kwa miezi 12, ni 540,000 kila mwezi. Ukivuta mpaka 60 kwa mshahara huo huo usioongezeka hata shilingi, mkupuo unakuwa kama milioni 63 na mwezi kama 633,000. Sasa mwalimu, una mkopo? Maana hujasema.

Chaki Nyeupe
Ahsante sana kwa hesabu. Mikopo kila mtumishi anayo ndugu yangu. Swali langu lilikuwa la afya na umri zaidi.

Mhasibu Mkavu
Kiasi gani, na umebakiza nini?

Chaki Nyeupe
Salio halitishi.

Mhasibu Mkavu
Mwalimu, ukienda hospitali huwa unamficha daktari panapouma? Taja namba.

Chaki Nyeupe
Sawa, nasema. Mwaka jana nilichukua milioni 24 benki, salio ni 20. Milioni 15 nilimpa mzee mmoja Hombolo kianzio cha shamba la ekari tatu, zabibu zinazaa tayari, ada ya mtoto chuo ikala iliyobaki. Bei ya shamba ni milioni 40, tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba 25 namalizia mwisho wa Januari, nikishindwa ananirudishia nusu tu ya kianzio. Ndiyo maana nataka Novemba. Najua mtasema nimekurupuka, ila mngeziona msingesema. Shina nene kama kiwiko cha mtoto, vichala vimening'inia kwenye waya mpaka waya umelegea, mzee akanikatia kimoja nikala nimesimama pale pale, mikono ikanata mpaka nafika nyumbani. Mtu aliyemeza vumbi la chaki miaka 29 hastahili hata hilo?

Mhasibu Mkavu
Unastahili, sibishi. Ila tazama: 54 toa 20 ya benki, maana ukistaafu salio lote linadaiwa, toa 25 ya shamba, unabaki na milioni 9. Hiyo ndiyo inunue dawa za zabibu, ilipe vibarua, imalize na ada, na mwezi una 540,000 badala ya mshahara. Swali lako halikuwa 55 au 60. Swali lako ni Januari.

Mama Vichala
Mbukwenyi! Mimi nalima zabibu Mpunguzi, sasa hapa mmenigusa. Mwalimu, shamba la zabibu likiwa na matunda humdanganya kila mtu, hata mimi lilinidanganya. Zabibu hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, ndio, ila mara mbili hizo ni kupogolea mara mbili, kupulizia mara nyingi zaidi ya unavyofikiri, na ubwiri unga ukiingia wiki ya mawingu ukasema utapulizia kesho umechelewa, vichala vinavaa unga mweupe na kupasuka. Kuna msimu mnunuzi alichelewa kuja siku tisa, nilikaa shambani nikisikia nyuki tu, nikaishia kuuza ndoo ndoo Sabasaba kwa bei ya hasara. Uliza mizabibu ina miaka mingapi, nguzo ni mti gani na zimeliwa na mchwa kiasi gani. Kisima ukakione mwezi wa kumi, sio wa tatu, kwa sababu mwezi wa tatu Dodoma nzima ina maji. Na uende kituo cha utafiti cha TARI pale Makutupora, wanaijua zabibu kuliko mimi na huyo mzee wako.

Sina Haraka
Jamani hamuoni? Hii ni chai. Mwalimu wa hisabati anashindwa kikokotoo mpaka apigiwe na mtu wa mtandaoni? Halafu ghafla shamba lina sifa zote, shina nene, vichala, waya umelegea. Huyu ni dalali anatangaza shamba, kesho mtaona namba ya simu hapa.

Kijana wa Ilazo
Hata mimi nimeshtuka. Ila mleta uzi, kama kweli lipo, ekari tatu kwa 40 hebu nielekeze ni upande gani wa Hombolo.

Binti Mpwapwa
We kaka! Mwenzio analia wewe unataka kumnunulia shamba lake?

Chaki Nyeupe
Sina namba ya kuweka na shamba siuzi. Kikokotoo nilishakipiga, nimekipiga nyuma ya jalada la daftari la mwanafunzi mpaka pakajaa, kila mara jibu ni 54 na 540,000. Nilileta hapa nikiomba kuna mtu atapata jibu lingine. Barua ya kustaafu nimeshaiandika, iko kwenye droo ya ofisini chini ya rejista ya mahudhurio, tarehe bado sijaweka.

Mzee wa Nkuhungu
Mimi namuamini. Hilo la kupiga hesabu ile ile mara kumi nalijua vizuri. Mama watoto anasemaje?

Chaki Nyeupe
Anajua nataka kustaafu. La mkopo na shamba hajui.

Mzee wa Nkuhungu
Basi barua ibaki droo mpaka ajue. Na yule muuzaji, mke wake na watoto wamesaini? Mwenyekiti wa mtaa peke yake hatoshi, nenda halmashauri ya jiji ukaulize kama eneo limepimwa na ni la nani.

Mhasibu Mkavu
Naongeza moja. Rudi kwa huyo mzee umuombe asogeze tarehe, au akuuzie ekari moja kwa hiyo 15 uliyokwisha kumpa. Kwa bei yake ekari moja haifiki hata 14. Ukiipata hiyo, unaweza kubaki kazini mwaka mmoja au miwili benki ipungue, huku unajifunza kupogolea Jumamosi.

Chaki Nyeupe
Hilo la ekari moja sikuliwaza kabisa.

(siku mbili baadaye)

Chaki Nyeupe
Nimemwambia mama watoto. Hakupiga kelele, alinyamaza akaendelea kuchambua mlenda mpaka ukaisha, ndipo akaniuliza kwa nini wageni wa kwenye simu wamejua kabla yake. Sikuwa na jibu. Jumamosi tunaenda naye Hombolo. Mama Vichala, kama una nafasi naomba utusindikize, nauli nitakulipia.

Mama Vichala
Nauli ninayo mwanangu. Mje asubuhi kabla ya jua kali, na mbebe kamba ndefu, jiwe la kufungia nitakuja nalo mimi, tupime hicho kisima.